Barabara Inakutisha Kiasi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waendesha Baiskeli wa Malindi

Malindi baiskeli si mchezo wa Jumapili. Ndiyo inayoleta madafu mjini, inayompeleka fundi kazini Casuarina na kumrudisha kwao Ganda, na mara nyingine inabeba watoto wawili na debe la maji kwa safari moja. Tumekuwa tukipima barabara za hapa kwa kumuuliza anayezipita: kipande hiki unakionaje? Kila tukisimama kando ya lami na karatasi zetu, watu hutuuliza maswali yaleyale. Tumeyapa nambari ili tusirudie jibu moja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Barabara salama si ile isiyo na ajali? Mnapima nini kingine?

Kuna barabara zisizo na ajali hata moja ya baiskeli kwa sababu hakuna mwenye baiskeli anayethubutu kuzipita. Kwenye daftari la ajali barabara hiyo itaandikwa sufuri, na mtu wa ofisini ataridhika. Mama aliyeacha kunyonga baiskeli na sasa analipa bodaboda kila siku, kwa sababu malori yalimchosha roho, hayumo kwenye daftari lolote.

Sisi tunamtafuta huyo mama. Tunapima vile barabara inavyomfanya mtu ajisikie akiwa juu ya tandiko huku magari yakimpita ubavuni. Hofu na hatari ni ndugu, lakini si mapacha. Mara nyingine zinatofautiana kabisa (tazama swali la 15).

2. Hofu inapimikaje? Kila mtu si ana moyo wake?

Ndiyo, lakini mioyo yote huogopa vitu vilevile. Jambo hili limechunguzwa muda mrefu. Mwaka 1978 kundi lililokuwa likipanga njia za baiskeli mjini Geelong, Australia, lilianza kuzungumzia msongo wa mwendesha baiskeli, yaani hofu na mkazo anaoupata barabarani, kama kitu cha kupimwa. Mwaka 1997 Bruce Landis na wenzake walichapisha utafiti wao wa Tampa, Marekani: waliwatia watu barabarani hasa, katikati ya magari, na kuwataka watoe alama kwa kila kipande walichopita. Mwaka uliofuata watafiti wengine wa Marekani wakatumia njia nyingine: watu walikaa mbele ya video za barabara na kusema wangejisikiaje kupita pale.

Majibu yalielekea pamoja. Kinachomtisha mwenye baiskeli ni kasi ya magari, wingi wake, wingi wa malori, ufinyu wa nafasi ya pembeni, na ubovu wa lami. Muulize muuza madafu yeyote wa hapa naye atakutajia hivyo hivyo, pengine kwa lugha kali zaidi.

3. Hilo "daraja la msongo" mnalotaja kila saa ni nini?

Hapa daraja ni cheo, si lile la kuvukia Mto Sabaki. Mwaka 2012 Maaza Mekuria, Peter Furth na Hilary Nixon walichapisha uchunguzi wao wa mji wa San José, California, wakagawa barabara katika madaraja manne. La 1 ni barabara ambayo hata mtoto anaweza kuipita. La 2 ni ile ambayo watu wazima wengi wataivumilia. Hili walilijenga juu ya viwango vya Uholanzi. La 3 ni ya wazoefu. La 4 ni ya wenye roho ngumu peke yao.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hauhitaji kompyuta. Pale baiskeli na magari yanapotumia lami moja yenye njia mbili, kasi ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Magari yakienda kilomita 40 kwa saa au chini yake, uko daraja la 1 au la 2. Yakifika kama 48, ni la 2 au la 3. Yakipita 56, ni la 4 na mjadala umekwisha.

4. Mimi nimeendesha baiskeli miaka thelathini na sijawahi kuogopa. Kwa nini msinipime mimi?

Mzee wangu, wewe ungepita hata barabara ya motoni. Kwa heshima zote, ndiyo maana hatukupimi wewe.

Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa mambo ya baiskeli katika mji wa Portland, Marekani, aliwagawa watu wa mji wake mafungu manne. Wasioogopa lolote aliwakadiria kuwa chini ya asilimia 1. Wenye kujiamini asilimia 7. Wasiotaka baiskeli kabisa asilimia 33. Waliobaki, kama asilimia 60, walikuwa wanaitamani baiskeli lakini barabara inawatisha. Malindi si Portland, na hapa wengi hupanda baiskeli kwa kukosa nauli. Hata hivyo fungu hilo la mwisho tunaishi nalo nyumba moja. Barabara inayopimwa kwa moyo wa shujaa hujengwa kwa ajili ya mashujaa.

Kwa hiyo swali la mwisho kwenye karatasi yetu ni hili: ungemruhusu mtoto wa darasa la sita apite hapa peke yake, saa moja asubuhi? Watu hubishana juu ya alama nyingine zote, lakini wakifika hapo hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

5. Si barabara huwa zinapewa nyota?

Ndiyo, mfumo wa iRAP, shirika la kimataifa linalokagua usalama wa barabara, hutoa nyota 1 hadi 5, na wenye baiskeli wana nyota zao mbali na za wenye magari. Ila nyota hupima uwezekano wa mtu kuumia au kufa kutokana na jinsi barabara ilivyojengwa. Ni kazi nzuri, lakini ni swali jingine.

## Kupima wenyewe

6. Nahitaji vifaa gani?

Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, karatasi, kalamu, na mtu wa pili. Usipime peke yako. Unayetazama sekunde huwezi kutazama lori.

7. Nitajuaje kasi ya magari bila kifaa cha polisi?

Pima mita 50 kando ya barabara kwa kamba au futi ya fundi, uweke alama mwanzo na mwisho. Gari likigusa alama ya kwanza anza saa, likigusa ya pili simamisha. Halafu chukua 180 ugawanye kwa sekunde ulizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 40. Sekunde 3.6 ni 50, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kisheria mjini Kenya. Ukiona sekunde mbili na robo, hiyo ni 80, yaani mwisho wa kisheria wa matatu na lori hata barabara kuu.

Pima magari ishirini au thelathini, na usichague. Watu wana tabia ya kubonyeza saa pale tu linapokuja basi linalopepea, halafu karatasi nzima inakuwa ya mabasi. Na jifiche kidogo nyuma ya mwarobaini: dereva akiona mtu ameshika simu kando ya barabara hudhani ni askari, akapunguza mwendo.

8. Gari likinipita, nafasi gani inatosha?

Nchi kadhaa zimeweka sheria ya mita 1.5. Ujerumani ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Lakini usianze na sheria, anza na hesabu ya lami.

Usukani wa baiskeli una upana wa sentimita 60 au 70. Hakuna anayenyonga kwa mstari ulionyooka kama uzi, kwa hiyo mpe mita 1 nzima. Lori lina upana wa mita 2.5. Weka mita 1.5 kati yao. Jumla ni mita 5. Sasa pima njia moja ya barabara: ikiwa na mita 3.5 una bahati. Hata hapo lori haliwezi kukupita vizuri likiwa ndani ya njia yake. Lazima lihamie upande wa pili. Na kama upande wa pili kuna tuktuk inakuja, dereva ana mambo mawili tu: asubiri nyuma yako, au akubane.

Ukishaifanya hesabu hiyo utaelewa kwa nini mwili unasisimka ukisikia gari nyuma na kuliona jingine mbele kwa wakati mmoja. Mwili umeshapiga hesabu kabla yako. Kwenye karatasi yetu kuna safu ya "kubanwa": unahesabu mara ngapi magari mawili yalikutana pale ulipo wewe, na dereva wa nyuma alifanya nini.

9. Barabara yetu ina magari machache. Kwa nini bado inatisha?

Kwa sababu ya kasi, na hapa kuna jambo watu wengi hawalijui. Tuseme magari 120 kwa saa yanakwenda upande wako, nawe unanyonga kilomita 15 kwa saa. Yakikimbia 80, kama 97 yatakupita katika saa hiyo, yaani moja kila sekunde 37. Magari yaleyale 120 yakienda 30, yatakayokufikia na kukupita ni 60 tu. Magari hayakupungua hata moja. Mwendo ulipopungua, waliokupita wakapungua, na kila aliyekupita akapita polepole.

Ndiyo maana tunasema kasi inauma mara mbili. Ya tatu ni mauti yenyewe: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lenye kasi ya 50, uwezekano wa kufa haufiki asilimia 20, akigongwa kwa 80, unakaribia 60.

10. Njia yangu ni nzuri yote isipokuwa mita mia tatu. Naipa daraja gani?

La zile mita mia tatu. Usichukue wastani. Mnyororo wa baiskeli hukatikia kwenye pingili mbovu, hata nyingine zote ziwe mpya, na mtoto hawezi kuruka kipande kibaya kwa sababu vipande vingine vilikuwa vizuri.

Hilo ndilo lililojitokeza San José: mitaa mingi ya ndani ilikuwa tulivu, lakini kila mtaa ulikuwa kisiwa, umezungukwa na barabara kubwa zisizovukika. Tazama Malindi kwa jicho hilo. Vichochoro vya Maweni, Muyeye au Barani vingi ni daraja la 1. Adui mkubwa ni mchanga na mbuzi. Lakini jaribu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila kugusa barabara kubwa. Kwa hiyo pima pia mahali pa kuvukia: njia ngapi, magari mangapi, unasubiri sekunde ngapi.

## Barabara zetu

11. Barabara ya Mombasa, kutoka mjini hadi Gede, ni daraja la ngapi?

La 4, sehemu kubwa. Njia mbili, magari ya safari ndefu, kasi ya barabara kuu. Penye bega pana (nafasi ya pembeni, nje ya njia ya magari), lililo safi na lenye usawa na lami, mtu hupumua na daraja hushuka. Lakini bega likimezwa na mchanga si bega tena. Tairi nyembamba ikiingia mchangani inakwama na wewe unaendelea. Kibaya zaidi ni pale ukingo wa lami ulipokatika ukaacha ngazi: ukisukumwa nje umeanguka, na ukijaribu kurudi juu bila kushuka umeanguka vilevile. Andika urefu wa ngazi hiyo. Kiganja cha mkono kinatosha kuwa rula.

Steji nazo ziandike peke yake. Matatu hukupita, ikakata mbele yako, ikasimama; makanga ameshashuka kabla magurudumu hayajatulia. Hapo msongo unatoka mbele badala ya nyuma.

12. Na kuvuka Sabaki kwenda Mambrui?

Hapa ongeza malori ya chumvi yanayotoka Gongoni na Marereni, na ongeza upepo. Watu wa bara hutucheka tukitia upepo kwenye karatasi, lakini sikiliza. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini-mashariki. Ukielekea Mambrui bahari iko kuliani kwako, nawe bila kujua unaegemea kulia kuupinga. Lori likikupita kuliani linaukata upepo ghafla, na wewe uliyeegemea unasogea upande wa lori. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukutupa nje. Darajani, penye uwazi, ndipo unaposikia zaidi.

Ukienda upande wa Gede kusi inakujia usoni, kushoto. Mwendo wako unashuka hadi kilomita 10 kwa saa, na kwa hesabu ya swali la 9 wanaokupita wanaongezeka. Kwa hiyo barabara ileile tunaipima mara mbili, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi.

13. Ndani ya mji je?

Mjini kasi ni ndogo, lakini vurugu ni nyingi. Tuktuk haina adabu ya mstari: inageuka pale abiria alipoinua mkono. Bodaboda hukupita kushoto, upande usioutarajia. Mlango wa gari lililoegeshwa ukifunguka mbele yako, huna pa kwenda. Hata hivyo, wengi tunaowauliza husema afadhali msukosuko wa mjini kuliko upweke wa barabara kuu, kwa sababu mjini dereva unamwona macho.

14. Lamu hawana shida hizi, au sivyo?

Amu mjini gari halipiti, na kipando ni punda. Sasa pikipiki zimeingia, na ukizungumza na wazee wa kule utasikia malalamiko yaleyale ya kupitwa ubavuni, ila wao wanayasema wakitembea kwa miguu.

## Mambo yanayotatiza

15. Si afadhali niendeshe upande wa kulia, nione magari yanayonijia?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na hapa ndipo hofu inapodanganya. Unajisikia vizuri kwa sababu unaona. Lakini ukiwa 15 na gari 80, mnaendeana kwa 95. Mngekuwa upande mmoja tofauti ingekuwa 65. Dereva ana muda mfupi zaidi wa kukuona, na hawezi kusubiri nyuma yako, maana hakuna nyuma. Anayetoka kichochoroni naye hutazama upande magari yanakotoka. Wewe uko upande wa pili. Sheria ya Kenya ni kushoto, nawe kaa kushoto. Ukitaka kuona nyuma, funga kioo cha pikipiki kwenye usukani. Mafundi wa baiskeli watakufungia.

Kwenye karatasi, mtu akisema hujisikia salama zaidi upande wa kulia, hatumfuti. Tunaandika alivyosema, na pembeni tunaandika kwamba barabara hiyo inawasukuma watu kufanya jambo la hatari.

16. Nilikoswakoswa na basi mara moja tu, mwaka umepita. Mbona bado natetemeka pale pale?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Rachel Aldred wa Uingereza alikusanya visa vya kukoswakoswa kutoka kwa waendesha baiskeli, akaonyesha kuwa ni jambo la kila siku kwao, ilhali takwimu za ajali hazina habari nalo. Kwa hiyo usione haya. Andika mahali, saa, na aina ya gari. Kisa chako kikikutana na vya wengine watatu kwenye kona ileile, hapo hakuna tena wa kusema ni woga wako.

17. Nabeba mzigo. Alama zenu zinanihusu?

Zinakuhusu zaidi. Mwenye magunia mawili ya makaa au madafu yaliyoning'inia kwenye keria ana upana wa mita nzima kabla hajayumba, breki zake zinachelewa, na akisimama ghafla mzigo unamwangusha. Rudia hesabu ya swali la 8 kwa mita 1.5 badala ya 1. Barabara ya daraja la 3 kwa mwanafunzi mwenye begi inaweza kuwa la 4 kwako.

18. Saa ya kupima ina maana gani?

Kubwa. Anayekuja mjini kutoka Ganda asubuhi jua liko usoni, na linampiga pia dereva aliye nyuma yake. Jioni akirudi, jua limeshahamia magharibi, liko usoni tena. Magharibi ya Ramadhani nayo ina hesabu yake: kila mtu anakimbilia futari. Usiku bila taa ya nyuma, barabara yoyote yenye magari ya mbio ipe la 4 bila kupoteza wino.

19. Wakiweka lami mpya, hofu itapungua?

Mashimo yataisha, na kukwepa mashimo ndiko kunakomsogeza mtu katikati ya barabara, kwa hiyo ndiyo, kidogo. Lakini lami laini huwapa madereva mwendo. Pima kabla na pima baada. Usishangae lami imepata alama nzuri na daraja la msongo limepanda.

## Ukishapima

20. Karatasi nizipeleke wapi?

Kwanza ujue barabara ni ya nani: mamlaka za barabara za taifa ni tatu (KeNHA, KURA na KeRRA), halafu kuna kaunti. Barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, za mijini za kitaifa ni za KURA, za mashambani za kitaifa ni za KeRRA, na zilizobaki ni za serikali ya kaunti. Ukimkosea mwenyewe, barua yako itazunguka hadi kusi igeuke kaskazi. Ukitaka hesabu zao wenyewe za magari, ziombe kwa maandishi ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016; wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kwa barabara za kaunti, nenda kwenye vikao vya umma vya bajeti, na uende na picha.

21. Niombe nini?

Omba kitu kimoja, mahali pamoja. "Barabara iwe salama" si ombi, ni dua. Sema: fagieni mchanga kwenye bega hili, jazeni ngazi ya lami mita hizi arobaini, wekeni matuta kabla ya kivuko cha shule hii. Matuta nayo yaachiwe mwanya wa baiskeli pembeni, la sivyo mwenye mzigo atashuka kila mara, au atayakwepa kwa kuingia kwenye mchanga.

22. Naweza kuja kupima nanyi?

Njoo. Hatupimi mvua kubwa ya masika ikinyesha, wala mchana wa Ijumaa. Njoo na baiskeli yenye breki mbili zinazoshika, kengele, na maji ya kunywa. Kama huna baiskeli njoo vilevile, tunahitaji mtu wa kusimama penye alama ya mita 50 na kupunga mkono. Na kama una dada, mke au mama aliyeacha kupanda baiskeli, muulize kwanza ni kipande kipi kilichomfanya aache. Tutaanzia hapo.